Dhahabu ikihama, nyumba ibaki na kazi

Usiku wa Machi 3, 2015 mvua kubwa ya mawe iliyoandamana na upepo mkali iliipiga Mwakata, wilayani Kahama, mkoa wa Shinyanga. Kulipokucha, watu zaidi ya 40 walikuwa wamepoteza maisha. Habari za siku zile zilitaja sana ukubwa wa yale mawe ya barafu, na ni kweli yalitisha. Lakini wengi wa marehemu waliangukiwa na kuta za nyumba zao wenyewe. Zilikuwa kuta za matofali ya udongo usiochomwa, na ukuta wa namna hiyo ukilowa chini na juu kwa wakati mmoja hurudi kuwa tope.

Nimeanza na Mwakata kwa sababu leo nataka tuzungumzie nyumba inayoweza kubadilika. Wasanifu majengo wana maneno yao makubwa juu ya jambo hili. Kwa lugha ya sokoni, ni nyumba inayostahimili hali ya hewa inapogeuka, na inayoweza kufanya kazi nyingine pale wakazi wake wanapobadilika, bila kubomolewa yote na kuanza upya. Nadhani ni vigumu kupata sehemu ya nchi yetu inayoihitaji nyumba ya aina hiyo kuliko ukanda huu wa Shinyanga na Geita, maana huku vitu vitatu vinacheza kwa pamoja: anga, udongo na watu.

Tuanze na watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu mkoa wa Geita, wakati huo ukiwa mpya kabisa, watu milioni 1.7. Sensa ya 2022 ikakuta wamekaribia milioni 3. Hilo ni ongezeko la miaka kumi tu. Na ndani ya ongezeko hilo mna kuhamahama ambako sensa haikuoni. Dhahabu ikisikika mahali, wenyewe wanaita rashi, ndani ya wiki chache porini panaota mtaa: mabanda ya turubai, ya sandarusi, ya mabanzi na bati kuukuu, mama lishe, kinyozi, duka la koleo na kamba, na kibanda cha video. Maduara yakikauka, mtaa mzima unafunguliwa na kubebwa.

Wapo wanaowacheka watu hawa kwamba hawajui kujenga. Mimi siwacheki. Yule anayepigilia bati kwa misumari michache ili kesho aling'oe bila kulitoboa zaidi, amepiga hesabu yake sawasawa. Anajua hatakaa.

Tatizo linaanza kwa yule aliyepata. Huyu, baada ya miaka ya kubahatisha shimoni, anasema sasa najenga nyumba ya kudumu, na fedha zote anazizika katika gesti yenye vyumba kumi na viwili, kila kimoja na choo chake, pembeni ya machimbo. Wachimbaji wakiondoka, wageni wanaondoka nao. Jengo lile halifai kuwa nyumba ya familia, halifai kuwa duka wala ghala la mpunga, na kuligeuza ni gharama karibu sawa na kujenga jipya. Jasho lake lote limo mle, na hakuna anayelitaka.

Tusidhani kwamba haya ni ya wachimbaji wadogo peke yao. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofanya kazi tangu enzi za mkoloni, ulifungwa mwaka 1966, na ikapita zaidi ya miaka 30 hadi mgodi mkubwa wa sasa ulipoanza uzalishaji mwaka 2000. Pale Bulyanhulu, wachimbaji wadogo waliondolewa Agosti 1996, na makazi yao yakaondoka nao. Mgodi wa Buzwagi, ng'ambo kidogo ya mji wa Kahama, ulianza uzalishaji 2009 na kusimama 2021. Hiyo ni miaka 12. Mtoto aliyezaliwa mgodi ukifunguliwa hakuwa hata amefika kidato cha kwanza. Nyumba iliyojengwa vizuri huishi miaka 50 na zaidi. Kwa hesabu hiyo, nyumba moja ya Kahama inaweza kuuzika mgodi kama ule mara nne.

Sasa hebu tuangalie wazee wetu walifanyaje. Kaya ya Kisukuma haikuwa jengo moja kubwa. Ilikuwa mkusanyiko wa misonge midogo, na familia ilipoongezeka, liliongezwa jengo. Mke mwingine, msonge mwingine. Kijana ameoa, msonge mwingine. Jengo lililochoka liliachwa lianguke, na miti na nyasi za kujengea jipya zilipatikana karibu. Kaya ilikua na kusinyaa pamoja na watu wake. Mfumo huo ulitaka ardhi pana na misitu, na vyote viwili mjini havipo. Hata vijijini Shinyanga miti ilishaisha, kiasi kwamba serikali ililazimika kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, kufufua ngitili za asili.

Mjini jibu lililo karibu zaidi na hilo ni lile ambalo wengi wetu tumezaliwa ndani yake na sasa tunalionea haya: nyumba ya Kiswahili. Ilitoka pwani ikasafiri na biashara na reli hadi huku bara. Mlango wa mbele, baraza, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, nyuma uani penye jiko, stoo na choo. Siri yake ni kwamba vyumba vinakaribiana ukubwa na kila kimoja kina mlango wake ukumbini. Kwa hiyo chumba chochote kinaweza kuwa chochote. Familia kubwa inakaa nyumba nzima. Watoto wakiondoka, vyumba vinne vinapangishwa. Chumba cha mbele kinatobolewa mlango wa barabarani, kinakuwa fremu ya duka au saluni. Mambo yakigeuka, fremu inarudi kuwa chumba. Uani panaongezwa vyumba viwili kadiri fedha inavyopatikana.

Ramani zinazouzwa siku hizi, zenye sebule kubwa kama ukumbi wa harusi na chumba kimoja kikuu cha mwenye nyumba, ni nzuri kwa picha. Lakini ni nyumba za familia moja, ya ukubwa mmoja, yenye kipato kimoja. Ukifa au ukifilisika, mjane hawezi kuigawa apate kodi. Atauza kwa bei ya kutupa.

Nikisema hivi watu hudhani nataka turudi kwenye vyoo vya shimo. Sivyo. Jambo lenyewe ni dogo na linafanyika ramani ikiwa bado karatasini. Zungusha lenta ya zege na nondo juu ya kuta zote, isikatike. Lenta inayozunguka hufunga nyumba kama mkanda, na ikiwekwa nondo za kutosha juu ya mahali unapokusudia kutoboa, baadaye unaweza kufungua mlango chini yake bila ukuta wa juu kushuka. Nasema mlango, kwa uwazi wa kuingiza gari muulize mhandisi kwanza. Kuta za kugawa vyumba zisibebeshwe paa, ili siku ya kuziondoa zitoke. Choo na jiko viwekwe upande mmoja ili mabomba yasipasue nyumba nzima. Na acha nafasi ya gari la maji taka kufika kwenye shimo, jambo ambalo viwanja vya Kahama na Geita vinalisahau mno.

Baada ya watu, udongo. Wakulima wa Kisukuma wana majina ya udongo kuliko wengi wetu tuliosoma: luseni ni ule wa kichanga wa miinukoni, itogolo ni ule mgumu wa miteremko, na mbuga ni ule mweusi wa mabondeni. Mbuga ndio adui wa nyumba. Mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unasinyaa na kupasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Msingi uliokaa juu yake unainuliwa na kushushwa kila mwaka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini nadhani hawakujenga kwenye mbuga. Kule ufa unauziba na ukuta unaujenga vilevile. Dawa ni kuchimba udongo mweusi na kuuondoa, kujaza moramu na kuishindilia tabaka kwa tabaka, au kuteremsha msingi hadi ardhi isiyocheza. Kama fedha haitoshi, uza kiwanja hicho utafute cha luseni. Bei rahisi ya kiwanja cha mbuga ina sababu yake.

Anga nalo. Shinyanga hupata mvua chache, lakini zinaponyesha hushuka kwa hasira, kama Mwakata walivyoona. Si kila mtu atamudu saruji, na sitamlaumu mwenye nyumba ya udongo. Ukuta wa udongo hudumu miaka mingi ukipewa viatu na kofia: msingi wa mawe ulioinuka angalau sentimita 30 juu ya ardhi, na paa lililotokeza nje ya ukuta kiasi cha mvua kutogusa. Kenchi zifungwe kwa waya mzito kwenye lenta, zisiishie kupigiliwa misumari tu, kwa sababu upepo hung'oa paa kwanza na ukuta usio na paa hausubiri. Paa lenye miteremko minne huupitisha upepo vizuri zaidi kuliko lile la miteremko miwili.

Na bati hilohilo ni kisima. Kila milimita ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 60 za mraba, mahali penye milimita 700 kwa mwaka, hupokea lita 42,000. Hata nusu ikipotea, yanabaki madumu ya lita 20 zaidi ya elfu moja. Bomba la Ziwa Victoria lililoletwa Shinyanga na Kahama mwaka 2009 limepunguza dhiki mijini, lakini mama wa kijijini asiyefikiwa na bomba bado anayahesabu madumu hayo mmoja mmoja kichwani. Kinachohitajika ni mifereji ya bati na tangi, na ukuta mmoja wenye nguvu wa kuweka tangi kando yake.

Matofali ya kuchoma tuyaangalie kwa jicho la pili. Kila tanuru linakula miti, katika mkoa uliotumia miongo kadhaa kuirudisha. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulieneza matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo, vinashindiliwa kwa mashine ya mkono, havichomwi, na hutumia udongo wa saruji kidogo sana wakati wa kujenga kwa sababu tofali hukamatana na mwenzake. Udongo wa mbuga haufai kwa kazi hii. Ule wa kichanga mwekundu unafaa.

Majengo ya umma nayo yana somo. Tuna shule shikizi, zile zinazoanza na darasa moja au mawili ili watoto wadogo wasitembee mbali, na baadaye hukua kuwa shule kamili. Katika madarasa 15,000 yaliyojengwa kwa fedha za UVIKO-19 kuanzia 2021, 3,000 yalikuwa ya shule shikizi. Huo ni utaratibu wa kaya ya Kisukuma kabisa, jengo moja baada ya jingine. Laiti kila kiwanja cha shule kingepimwa tangu mwanzo kwa kujua darasa la kumi litakaa wapi.

Buzwagi nako, uzalishaji uliposimama, serikali na kampuni ya Barrick walikubaliana eneo lile lisibomolewe lote bali ligeuzwe kuwa eneo maalumu la kiuchumi. Mwaka 2024 Barrick ilifungua hapo chuo cha kuwafundisha wasimamizi wake. Uwanja wa ndege, umeme, maji na nyumba za wafanyakazi vina thamani hata bila dhahabu. Ninachouliza ni kwa nini kazi ya pili ya majengo ya mgodi isichorwe kabla ya nondo ya kwanza kusimikwa, wakati mwenye mgodi mkubwa anatakiwa tangu mwanzo kuwa na mpango wa kuufunga.

Lipo pia jengo ambalo halikusudiwi kukaliwa na mtu yeyote. Kule Nyamongo, Tarime, wana neno lake: tegesha. Mtu anasikia mgodi utapanuka, anainua kuta usiku na mchana ili afidiwe. Hilo nalo ni jengo la kazi moja, na kazi yenyewe mara nyingi haipatikani. Kabla hujanunua kiwanja katika ukanda huu, pita ofisi ya madini uulize kama kiko ndani ya leseni ya mtu. Swali hilo ni rahisi kuliko msingi.

Namalizia na mchanga, kwa sababu nimeona jambo hili likifanywa kwa mazoea. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, unapatikana bure na ni laini, na mafundi wengine huupenda kwa lipu. Ule uliopita kwenye zebaki unabaki na zebaki, na mara nyingine una aseniki kutoka kwenye mwamba wenyewe. Ukiupiga lipu chumbani unalala nao. Ukiuchanganya kwenye tofali na kuliingiza tanuruni, zebaki inapanda na moshi kwa yule anayechochea moto. Anayekuletea tripu ya mchanga Kahama au Geita muulize ameutoa wapi, na kama ni wa mwaloni, mwambie ageuze gari.