Tofauti kati ya ‘sanamu’ na ‘kinyago’

SI ajabu kumsikia makanga jijini Nairobi akimwelekeza abiria: “Shukia hapo mbele, kwa kinyago cha Kimathi.” Abiria humwelewa, akashuka. Hata hivyo, mtumizi makini wa lugha atajiuliza iwapo shujaa wa Mau Mau anastahili kuitwa kinyago.

Neno ‘sanamu’ lina asili ya Kiarabu, ‘sanam’, yaani kitu kilichotengenezwa ili kiabudiwe. Maana hiyo ingalipo. Ndilo neno ambalo wafasiri wa Biblia waliliteua kurejelea miungu ya kuchongwa. Katika Kiswahili, neno lenyewe limepanuka. Sanamu ni mfano wa mtu, mnyama au kitu, uwe umechongwa, umefinyangwa au umesubiwa kwa madini. Mfano wa Dedan Kimathi uliozinduliwa mwaka 2007 ni sanamu, na ule wa Tom Mboya wa mwaka 2011 vilevile.

‘Kinyago’ ni neno la Kibantu. Ukiondoa kiambishi ‘ki-’ unabaki na ‘-nyago’, umbo lilelile lililomo katika ‘unyago’, mafunzo ya kuwaingiza wasichana katika utu uzima. Ulinganifu huo una mantiki. Miongoni mwa Wamakonde, kwa mfano, wachezaji wa ngoma za jando na unyago huvaa vinyago. Hapo kinyago ni sura ya bandia inayotisha au kuchekesha. Ndiyo maana wahenga walisema kuwa kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Ndiyo maana pia ukimwita mtu kinyago, atajua umemtusi!

Aidha, ‘kinyago’ hutumiwa kurejelea michongo ya mbao, kama ile ya Wakamba wa Wamunyu wanayouziwa watalii. Matumizi hayo ni sahihi.

Je, kifunika uso cha kujikinga na maradhi? Korona ilipoingia mwaka 2020, neno lililoshika ni ‘barakoa’, ambalo tangu zamani lilitaja vazi la usoni la wanawake wa pwani. ‘Kinyago’ kingetukumbusha mzimu wa ngomani.

Kwa hivyo, mchongo wa mbao waweza kuitwa kinyago au sanamu, ila si kila sanamu ni kinyago. Tuseme ‘sanamu ya Kimathi’. Na zikiwa nyingi ni ‘sanamu hizi’, si ‘masanamu haya’.