Bima ya Moto na Tetemeko la Nchi

Mwenye duka akiisha kulipa ada yake ya mwaka, hati ya bima huitia sandukuni, wala haisomi. Leo na tuitazame hati ya namna ile kwa habari ya mji wa San Francisco, katika Marekani.

Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906 nchi ilitetemeka pale kwa nguvu. Nyumba zilianguka, moto ukazuka mahali pengi. Na kwa kuwa mabomba ya maji yalikuwa yamepasuka chini ya ardhi, wazima moto hawakuwa na maji ya kutosha. Majumba mengine yalilipuliwa kwa baruti ili kuukatia moto njia. Uliwaka siku tatu na zaidi, majengo yapata 28,000 yakaharibika.

Ndipo watu walipozitoa hati zao. Zilikuwa za moto, tetemeko halikuwamo. Tena nyingi zilikuwa na sharti hili: jengo likianguka kwa sababu isiyo moto, bima yakoma papo hapo, hata moto ukija nusu saa baadaye. Je, duka lilianguka kwanza, au liliungua kwanza? Shahidi atapatikana wapi, na ukuta umekwisha kuwa majivu? Yasemekana wengine walizichoma wenyewe nyumba zao zilizobomoka. Siwasifu, lakini nawaelewa. Kampuni nyingine zililipa kamili, nyingine zilikata robo, nyingine zilikataa, na kadhaa zilifilisika. Bwana Cuthbert Heath wa Lloyd's, London, alipeleka simu kwamba wateja wake wote walipwe kamili, masharti yasitazamwe.

Kwa nini tetemeko huachwa nje? Moto wa kawaida huunguza duka moja, na ada za maduka elfu hulilipia. Tetemeko huyapiga yote elfu kwa siku moja. Mfuko gani utatosha?

Siku hizi, katika jimbo lile la California, sheria yataka bima ya moto ilipe moto uliozuka baada ya tetemeko. Lakini ukuta uliopasuka kwa mtikisiko tu haulipwi, ila kwa bima ya pili, yenye ada yake mbali. Na hiyo nayo humwachia mwenye mali fungu la kwanza la hasara. Fungu likiwa 15 katika 100, na jengo lina thamani ya dola 100,000, basi dola 15,000 za kwanza atazitoa mfukoni mwake, na duka limefungwa.