Fedha ya Mtoto Isiwekwe Rehani



Mtu akikopa kwa kutegemea mshahara wake, anakopa juu ya jasho lake mwenyewe. Lakini mzazi akikopa kwa kutegemea fedha anayopewa na serikali ili amlishe mtoto, je, hapo anakopa juu ya fedha ya nani? Leo tunataka tulichambue swali hilo. Mfano wetu tutautoa Afrika Kusini. Huko jambo hili limewagusa watu wengi, limefika mpaka mahakamani, na mambo yake yanajulikana. Na sisi huku tuna la kujifunza.

RUZUKU YA MTOTO NI NINI?

Serikali ya Afrika Kusini humsaidia mzazi au mlezi mwenye kipato kidogo kumlea mtoto. Msaada huo tuuite ruzuku ya mtoto. Ulianza Aprili 1998. Siku hizo ulikuwa randi 100 kwa mwezi, tena kwa mtoto wa chini ya miaka 7 tu. Baadaye umri ukapandishwa kidogo kidogo, mpaka watoto wote wa chini ya miaka 18 wakaingia. Fedha nayo ikaongezwa. Aprili 2025 ilifika randi 560 kwa mwezi kwa kila mtoto. Watoto waliofikiwa ni zaidi ya milioni 13. Kazi hii inasimamiwa na shirika la serikali linaloitwa SASSA.

Hata hivyo, fedha hii si nyingi. Mwaka 2024 Idara ya Takwimu ya huko ilipiga hesabu ya chakula cha mtu mmoja, chakula cha kumpa nguvu za kuishi tu. Ilipata randi 796 kwa mwezi. Mwaka huo ruzuku ya mtoto ilikuwa randi 530. Toa 530 katika 796. Zinapungua 266. Na hapo hatujataja sabuni, wala nauli, wala viatu vya shule.

Kwa hiyo tusiwe wepesi wa kusema, "Ah, wazazi hao ni wabadhirifu." Mama anaweza kupanga matumizi yake vizuri kabisa, na tarehe 20 unga ukaisha. Mtoto hawezi kuambiwa asubiri mwezi ujao. Basi mama anatoka kwenda kukopa.

ANAKOPA WAPI?

Benki kubwa hazina haja naye. Hana mshahara, hana nyumba ya kuweka dhamana. Lakini yuko mtu mmoja anayemkaribisha kwa mikono miwili: mkopeshaji wa mtaani. Kwa nini? Kwa sababu ruzuku inaingia kila mwezi, tena siku za mwanzo wa mwezi, na kila mtu anazijua siku hizo. Mkulima anaweza kukosa mvua. Mwenye duka anaweza kukosa wateja. Ruzuku inakuja tu. Kwa mkopeshaji, huo ni mti unaozaa matunda kila mwezi.

Wakopeshaji hao ni wa aina mbili. Wapo walioandikishwa, wenye ofisi na leseni. Wapo pia wasioandikishwa, ambao watu wa huko huwaita mashonisa. Neno hilo ni la Kizulu. Kwao kushona si kushona nguo. Ni kuzama, kama jua linavyozama. Mashonisa ni mtu anayekuzamisha. Hapa Tanzania nako mikopo ya riba kali imebandikwa jina la "kausha damu". Majina mawili, maumivu yale yale.

TUPIGE HESABU

Riba ni fedha unayolipa juu ya ile uliyokopa. Mashonisa mara nyingi hutoza randi 30 hadi 50 kwa kila randi 100, tena kwa mwezi mmoja tu. Tuchukue mfano wa mama mwenye watoto wawili, kwa ruzuku ya mwaka 2025. Kila mwezi anapata randi 560 mara mbili, yaani 1,120. Anakopa randi 400 kwa riba ya 50 kwa mia.

Mwisho wa mwezi anadaiwa 400 na riba 200. Jumla ni 600. Akilipa zote, mkononi zinabaki 520. Lakini mwezi uliopita 1,120 zenyewe hazikumtosha! Mwezi huu ataishije kwa 520? Itambidi akope tena, na safari hii akope zaidi. Ndivyo mkopo unavyozaa mkopo mwingine.

Haya, tuseme anaamua kulipa riba tu, ile 400 aiache mpaka apate nafuu. Kila mwezi anatoa 200. Baada ya miezi sita ametoa randi 1,200. Na deni lake sasa ni kiasi gani? Ni 400 zile zile. Hazikupungua hata senti moja. Ametoa fedha inayozidi ruzuku ya mwezi mzima ya watoto wote wawili, na bado anadaiwa kama siku ya kwanza. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Je, kwa mkopeshaji aliyeandikishwa? Kule kuna afadhali, lakini nako fumbua macho. Kanuni za mwaka 2016 ziliweka mpaka wa riba ya mkopo mdogo wa muda mfupi: kwa mkopo wa kwanza katika mwaka, isizidi randi 5 kwa kila 100 kwa mwezi. Kwa randi 400, riba hiyo ni 20 tu. Unaweza kusema, "Mbona nafuu!" Ngoja kwanza. Mkopeshaji ameruhusiwa pia kutoza ada ya kuanzisha mkopo. Kwa mkopo mdogo kama huu ada hiyo inaweza kufika 15 kwa mia, yaani randi 60. Tena ipo ada ya huduma ya kila mwezi, nayo inaweza kufika randi 60. Jumlisha 20, 60 na 60. Unapata 140. Umekopa 400, unarudisha 540. Riba ilikuwa ndogo kweli, ila ada zimeizidi mara sita.

Ndiyo maana tunasema: usiulize riba peke yake. Uliza, "Siku ya kulipa, nitatoa shilingi ngapi zote pamoja?"

KADI IKO MKONONI MWA NANI?

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo. Riba kali inaumiza, lakini kuna kitu kinachoumiza zaidi. Mpokeaji wa ruzuku ana kadi na namba ya siri ya kutolea fedha kwenye mashine. Mashonisa anapomkopesha humwambia, "Niachie kadi na namba." Siku ya malipo anakwenda yeye mwenyewe kwenye mashine. Anatoa ruzuku, anakata chake, kisha anamkabidhi mama kilichobaki. Kadi anarudi nayo nyumbani kwake.

Tazama hapo mambo yamegeukaje. Mtu mwenye deni la kawaida hupokea fedha yake kwanza, ndipo hulipa. Mtoto akiwa mgonjwa, anaweza kumwendea mdai wake na kumwambia, "Ndugu yangu, nivumilie wiki moja, nimpeleke mtoto hospitali." Mdai anaweza kukasirika, lakini fedha iko kwa mzazi, na mzazi ndiye anayeamua. Aliyeacha kadi hana nafasi hiyo. Mkopeshaji amesimama mbele ya mtoto kwenye foleni. Mtoto anakula yale yaliyobakia.

Na kwa nini mama hashitaki? Wengi wanaogopa. Mashonisa ni jirani, na mwezi ujao huenda wakamhitaji tena.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya huko haikunyamaza. Sheria ya misaada ya jamii ya mwaka 2004 inasema ruzuku haiwezi kuhamishiwa mtu mwingine wala kuwekwa rehani bila kibali cha waziri. Sheria ya mikopo ya mwaka 2005 inamtaka mkopeshaji aandikishwe. Tena inamkataza kushika kadi ya mkopaji, kitambulisho chake au namba yake ya siri. Kwa maneno mengine, mashonisa anayeshika kadi anavunja sheria, hata kama mama mwenyewe alimpa kwa hiari.

NJIA NYINGINE YA KUFIKA MFUKONI

Msidhani ni wakopeshaji wa uchochoroni tu wanaoweza kusimama mbele ya mtoto. Mwaka 2012 kazi ya kulipa ruzuku nchi nzima ilipewa kampuni binafsi, Cash Paymaster Services. Mama yake ni kampuni iliyoitwa Net1. Kampuni nyingine za ukoo huo huo zikawa zinawauzia wapokeaji mikopo, bima ya mazishi, muda wa simu na umeme. Deni likawa linakatwa kwenye ruzuku moja kwa moja. Hapa hakuna aliyenyang'anywa kadi. Lakini anayelipa na anayedai walikuwa watoto wa tumbo moja.

Wapokeaji wengi walilalamika kwamba wanakatwa fedha kwa vitu ambavyo hawakukubali kuvinunua. Black Sash, chama kilichoanzishwa na wanawake mwaka 1955, kiliwasaidia kupaza sauti. Kiliendesha kampeni ya kutaka mikono itolewe kwenye ruzuku.

Kesi zikaenda mpaka Mahakama ya Katiba. Novemba 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba zabuni ile haikutolewa kwa halali. Lakini ruzuku isingeweza kusimama hata mwezi mmoja, kwa hiyo kampuni iliendelea kulipa. Machi 2017 mahakama iliongeza muda wa miezi 12, na ikaweka masharti. Habari za wapokeaji zitunzwe, zitumike kwa kazi ya kulipa ruzuku tu. Wala wapokeaji wasishawishiwe kuzitoa ili wauziwe bidhaa. Mwaka 2018 kampuni hiyo iliondoka, na Posta ya serikali ikachukua kazi.

Tunaona nini hapo? Sheria ilikuwapo tangu 2004. Lakini makato yalipungua pale watu walipozisoma karatasi zao za malipo, wakauliza, "Hii imekatwa ya nini?" na wakakataa kunyamaza.

NA SISI TUFANYEJE?

Huku kwetu nako kaya maskini zimepata ruzuku kupitia TASAF. Wengine wanapokea pensheni, au malipo ya mazao, au fedha za simu kutoka kwa mtoto aliye mjini. Popote fedha inapokuja kwa tarehe inayojulikana, mkopeshaji naye huijua tarehe hiyo. Kwa hiyo tushike mambo haya:

1. Kadi, kitambulisho na namba ya siri havikopeshwi wala haviwekwi rehani. Mtu akivitaka, huyo hakutaki wewe. Anataka njia ya fedha yako.

2. Kabla ya kukopa, uliza jumla ya kurudisha, riba na ada pamoja. Iandike. Asiyetaka uandike, muache.

3. Usiweke kidole gumba wala sahihi kwenye karatasi ambayo hujaisoma. Kisomo ulichokipata ni cha kazi hiyo hasa.

4. Ukipokea malipo, hesabu. Ukiona makato usiyoyajua, uliza siku hiyo hiyo. Kama hujibiwi, nenda na wenzako.

5. Shida ndogo ndogo tuzikabili kwa kikundi. Afrika Kusini wana vikundi vyao vya kuwekeana vinavyoitwa stokvel. Sisi tuna upatu, VICOBA na vyama vya akiba na mikopo. Riba ya kikundi, kama ipo, hurudi kwa wanachama wenyewe.

Hatusemi mtu asikope kabisa. Kukopa si aibu, na mtoto mwenye njaa hangojei. Tunasema akope kwa kiasi atakachoweza kulipa, na fedha ya mtoto ipite mkononi mwa mzazi kwanza. Mzazi akishaipokea, ndipo aseme: hii ya unga, hii ya daftari, na hii ya deni. Kwa mpango huo.

ZOEZI LA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mtu amekopa randi 300 kwa riba ya 30 kwa mia kwa mwezi. Kwa miezi mitano analipa riba tu. Ametoa kiasi gani? Bado anadaiwa kiasi gani?

2. Kuna tofauti gani kati ya kudaiwa kadi ikiwa mkononi mwako na kudaiwa kadi ikiwa kwa mkopeshaji?

3. Katika kijiji chenu, ni fedha zipi zinazokuja kwa tarehe inayojulikana? Nani huzisubiri pamoja na wewe?

Jibu la swali la kwanza: ametoa randi 450, na bado anadaiwa 300.