Kubemenda, na Chakula cha Mama Anyonyeshaye

Liko neno katika Kiswahili, kubemenda, maana yake kumdhoofisha mtoto anyonyaye kwa wazazi kuvunja mwiko wa kulala pamoja, au kwa mama kuchukua mimba upesi. Waga wa Ghana wana neno lililo jirani yake, kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aachishwaye ziwa mdogo wake azaliwapo. Daktari Cicely Williams alilitia katika maandiko ya tiba mwaka 1935. Kwetu mtoto akikonda au akichelewa kusimama, watu husema, "Amebemendwa." Mama hulaumiwa, wala hakuna aulizaye amekula nini.

Si kila alacho mama kigeuzacho maziwa. Madini ya chokaa hayapungui sana ijapokuwa chakula chake ni haba, kwa kuwa mwili wake huyatoa katika mifupa yake mwenyewe. Hapo mama ndiye alipaye. Lakini vitamini A, iodini, na vitamini nyingi za jamii ya B hufuata chakula.

Tazama beriberi ya watoto wachanga. Katika Ufilipino, mwanzoni mwa karne ya 20, akina mama wengi walikula mchele uliokobolewa mno, ulioondolewa ngozi yake yenye thiamini. Mtoto huonekana mnene. Kisha, yapata mwezi wa pili hata wa nne, sauti humkauka, akalia pasipo kusikika, moyo ukashindwa, akafa. Na mama mwenyewe huenda asionyeshe ugonjwa wo wote. Dawa ilitolewa katika pumba za mchele, ikaitwa tikitiki. Pumba walizotupiwa kuku!

Wanaopona je? Mwaka 2003, katika Israel, watoto walinyweshwa maziwa ya kopo yaliyokosa thiamini. Miaka ilipopita, wengi wa waliochunguzwa, hata wasiokuwa na dalili hapo kwanza, walionekana wazito wa kunena na kufahamu maneno. Maziwa hayo hayakuwa ya mama, lakini upungufu ni ule ule, na sisi tufundishao lugha hatuwezi kuipita habari hii.

Basi mwiko umnyimao mzazi mayai au samaki wadhuru kuliko tunavyodhani. Wachagga hufanya vema zaidi wampapo mtori wa ndizi na nyama. Hata ladha hupita katika ziwa: katika uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2001, watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti walipokuwa wakinyonyesha waliupokea uji wa karoti kwa urahisi kuliko wenzao.