Wino usioshika plastiki: hasara ya wafanyabiashara wadogo wa Kivu

Jina la biashara liliandikwa vizuri, kwa rangi nyekundu, nembo katikati. Wiki mbili baadaye, kwenye meza ya soko, limebaki nusu. Mnunuzi haoni tena unga ni wa nani, wala tarehe ya kuisha kwake. Kwa mtu anayefungasha unga, asali, kahawa au pilipili huko Goma, Bukavu au Butembo, hiyo ni hasara mara mbili: mifuko na kazi vimekwisha kulipiwa, na bidhaa halali inaonekana kama ya magendo.

Lawama humwangukia fundi wa serigrafi, kwamba alitumia wino wa bei ndogo. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi kazi imeharibika kabla hata kopo la wino kufunguliwa.

Polietileni, plastiki inayotengenezewa sashe, haikubali kulowana. Dondosha tone la maji juu yake: linajikusanya kama shanga badala ya kutandaa. Wino nao hufanya vilevile. Wachapaji hupima hali hiyo kwa kipimo kinachoitwa daini. Polietileni ambayo haijatayarishwa iko karibu na 31, na wino unahitaji angalau 38 ili ushike. Polipropileni, ile ya magunia ya kufumwa, ni ngumu vilevile.

Ndiyo sababu viwanda hupitisha plastiki chini ya cheche za umeme wa volti nyingi, njia inayoitwa korona, ambayo mhandisi wa Denmark Verner Eisby aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1950. Cheche hizo hugusa ngozi ya juu tu, zinaiongezea oksijeni, na wino unapata pa kushika. Bidoni na chupa hupitishwa haraka kwenye moto wa gesi. Moto huo lazima uwe wa buluu. Ule wa manjano unaacha masizi, na kazi inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Shida ni kwamba matayarisho hayo hayadumu. Nguvu yake inapungua kadiri mzigo unavyokaa ghalani. Vilainishi vinavyochanganywa kiwandani ili sashe zisigandamane navyo hupanda juu polepole. Mzigo uliosafiri kwa meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, kisha kwa lori mpaka Kivu, unaweza kufika ukiwa umechoka. Tena, mara nyingi ni upande mmoja tu uliotayarishwa. Fundi akichapa upande mwingine, hata wino bora utabanduka. Tone la maji kwenye kila upande linatosha kumwonyesha pa kuchapa, na halina gharama.

Kosa lingine linatoka kwenye tisheti. Karakana nyingi zilianza na nguo, na wino uliozoeleka kwa nguo ni plastisoli, unaohitaji joto la nyuzi 160 hivi ili ukomae. Sashe inayeyuka kabla ya hapo. Bila joto, wino huo unabaki laini, unapaka vidole. Kwa plastiki za aina hii kuna wino wake, unaokauka kadiri kiyeyushi kinavyopaa hewani. Kwa kioo na chuma, fundi huchanganya wino na kigumushi. Mchanganyiko huo lazima utumike ndani ya saa chache, na unahitaji siku kadhaa kabla ya kufikia ugumu wake kamili. Mteja anayetaka chupa zake kesho asubuhi anajiibia mwenyewe.

Magunia ya unga na saruji yana adui mwingine: jua. Rangi nyekundu na za manjano za bei ndogo hupauka haraka, nyeusi inavumilia. Na kwa kuwa gunia limefumwa kwa utepe, herufi ndogo hupotea kati ya mistari. Herufi kubwa, nene na nyeusi si za kupendeza sana, lakini zinasomeka mpaka gunia lichakae.

Sheria nayo imebadilisha kazi hii. Amri namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku nchini Kongo kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, sashe na vifungashio vingine vya plastiki. Sashe bado zinaonekana sokoni, lakini anayechapa maelfu yake anabeba hatari. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008, na anayevuka nayo kutoka Goma kwenda Gisenyi hunyang'anywa. Wengi wamehamia kwenye mifuko inayofanana na kitambaa, bila kujua kwamba mingi kati yake ni polipropileni ileile, isiyopenda wino.

Kabla ya kulipia mifuko 1,000, mteja aombe 5. Aiache siku nzima, kisha abandike skochi juu ya maandishi na kuivuta kwa nguvu. Aukunje mfuko mmoja, ausugue. Mwingine auloweshe majini usiku kucha, hasa kama bidhaa itakaa kwenye friji.

Halafu anuse. Mifuko iliyorundikwa kabla ya kukauka hugandamana, wino wa mmoja ukahamia kwenye mwingine, na harufu ya kiyeyushi ikaingia kwenye chakula. Mfuko unaonuka rangi haufai kutiwa unga, hata kama skochi imeshindwa kubandua herufi hata moja.