Pedi ya gemu ya bei nafuu: Ijue tofauti ya feki na isiyo na leseni kabla hujamnunulia mwanao

Likizo ya shule ikianza, vifaa vya gemu navyo huanza kuchoka. Kitufe kinanasa, kijiti kinasogea chenyewe bila kuguswa, betri haikai na chaji. Mtoto anakuja na ombi moja: anunuliwe pedi nyingine. Mzazi akifika Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, anakuta pedi zinazofanana kwa macho huku bei zikipishana mara kadhaa. Akiuliza tofauti, huambiwa kwamba moja ni orijino na nyingine ni ya kawaida.

Neno hilo “ya kawaida” linaficha vitu viwili visivyolingana. Kimoja kinaweza kutengenezwa na kuuzwa kihalali hata kama kampuni yenye mashine haikutoa ruhusa. Kingine ni bidhaa ghushi, na kukiuza ni kosa. Mzazi asiyejua kuvitofautisha anaweza kununua kifaa kitakachokataliwa na mashine baada ya muda mfupi, kitakachosababisha akaunti ya mtoto kufungiwa, au, kwa upande wa chaja na betri, kitakachohatarisha maisha ya mtoto.

Makundi matatu

Vifaa vya gemu vinavyouzwa dukani viko katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni vile vya kampuni iliyotengeneza mashine yenyewe, yaani Sony, Microsoft au Nintendo, pamoja na vile vya kampuni nyingine zilizopewa leseni. Vya leseni hutambulika kwa maandishi kwenye boksi. Kwa Xbox huandikwa “Designed for Xbox”, na kwa PlayStation na Nintendo huwepo nembo inayosema ni bidhaa yenye leseni rasmi.

Kundi la pili ni vifaa visivyo na leseni. Kampuni huru hutengeneza pedi, chaja au hedifoni inayofanya kazi kwenye mashine fulani, huweka jina lake lenyewe juu ya boksi, na haijifanyi kuwa Sony wala Nintendo. Haijaomba ruhusa, lakini pia haidanganyi.

Kundi la tatu ni feki. Hapa mtengenezaji anabandika nembo ya PlayStation au Xbox kwenye kitu ambacho kampuni hizo hazikukitengeneza. Tanzania, jambo hili linaguswa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 na mamlaka yake maalumu.

Jambo la kushangaza ni kwamba kundi la pili, lisilo na nembo ya kampuni kubwa, ndilo linaloweza kuwa halali, huku la tatu lenye nembo inayong’aa likiwa ndilo la kuogopa. Wazazi wengi hufikiri kinyume chake.

Kwa nini kampuni huru zinaruhusiwa

Ubishi huu una zaidi ya miaka 30 na ulianzia Marekani. Nintendo ilipoingiza huko mashine yake ya NES mwaka 1985, iliweka ndani kifaa kidogo cha kielektroniki kilichofanya kazi ya kufuli. Gemu isiyo na ufunguo wa Nintendo haikufunguka.

Kampuni ya Atari Games ilitafuta njia ya kupita kufuli hilo. Ilipata nakala ya programu ya Nintendo kutoka ofisi ya hakimiliki ya Marekani kwa kutoa maelezo yasiyo ya kweli, kisha ikauza gemu zake kwa jina la Tengen. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ilikubaliana na Nintendo na kuacha zuio dhidi ya Atari liendelee.

Mwaka huohuo, mahakama nyingine ya rufaa iliamua tofauti katika kesi ya Sega na kampuni ya Accolade. Accolade ilinunua bidhaa za Sega, ikazichambua hadi ikajua namna ya kutengeneza gemu zitakazokubaliwa na mashine ya Genesis. Mahakama ilisema kuchambua kwa lengo hilo, pale ambapo hakuna njia nyingine ya kupata maarifa hayo, ni matumizi halali.

Kesi ya tatu, pia ya 1992, ilihusu kifaa cha ziada. Game Genie kilichomekwa kati ya gemu na mashine ya NES, na mtoto aliweza kujiongezea maisha au nguvu. Nintendo ilidai kifaa hicho kinatengeneza gemu mpya bila ruhusa yake. Mahakama ilikataa, na kampuni ya Galoob iliyokuwa ikikiuza ilipata dola milioni 15 kwa sababu ilizuiwa kuuza wakati kesi ikiendelea.

Hoja inayopatikana katika kesi hizi ni kwamba kutengeneza kifaa kinachoendana na mashine ya mwenzako si kosa kwa yenyewe. Kosa ni kuiba programu yake, nembo yake au ubunifu wake ambao bado unalindwa.

Ulinzi huo nao una kikomo. Hataza ya Nintendo kwa kitufe chenye umbo la msalaba ilitolewa Marekani mwaka 1987 na ikaisha 2005. Ndiyo maana kwa miaka mingi pedi za kampuni nyingine zilikuwa na vitufe vya umbo tofauti kidogo.

Mahali ambapo sheria haijanyooka

Pamoja na kesi hizo, bado kuna maeneo ambayo hata wanasheria hubishana.

La kwanza ni umbo. Mwaka 2021 kampuni ya dbrand ya Canada ilikuwa ikiuza mifuniko ya rangi kwa ajili ya PlayStation 5. Sony iliitaka iache, dbrand ikaondoa mifuniko hiyo sokoni, kisha ikarudi na mingine yenye umbo tofauti. Mfuniko tu, usio na waya wala betri, ulitosha kuleta barua za mawakili.

La pili ni vifaa vya kubadili mchezo. Oktoba 17, 2024, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi katika kesi ya Sony na kampuni ya Datel, iliyouza programu ya kumwezesha mchezaji wa PSP kupita vizuizi vya gemu. Mahakama ilisema kubadili taarifa zinazohifadhiwa kwa muda kwenye kumbukumbu ya mashine, bila kugusa maandishi ya programu yenyewe, hakuvunji ulinzi wa hakimiliki chini ya maelekezo ya Ulaya kuhusu programu za kompyuta.

La tatu ni chipu za kufungua mashine ili icheze nakala. Mwaka 2004 mahakama ya Uingereza ilimhukumu muuzaji wa chipu za PlayStation 2 kuwa amevunja sheria. Mwaka mmoja baadaye, Mahakama Kuu ya Australia ilimpa ushindi muuzaji wa chipu za aina hiyo, kabla ya nchi hiyo kubadili sheria yake. Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inakataza kukwepa kufuli za kiteknolojia. Kwa hiyo mashine iliyochipiwa haiko katika fungu moja na pedi isiyo na leseni, hata kama zote zinauzwa kwenye meza moja.

Mashine yenyewe inapokataa

Sheria kukiruhusu kifaa kuuzwa hakumaanishi kwamba mashine italazimika kukikubali. Mwaka 2009 Microsoft ilisambaza sasisho lililozuia kadi za kumbukumbu zisizoidhinishwa kwenye Xbox 360, na Datel ikaipeleka mahakamani. Novemba 2023 kampuni hiyo ilirudia hatua kama hiyo kwa Xbox mpya. Wachezaji waliochomeka pedi zisizoidhinishwa waliona ujumbe wa onyo, kisha baada ya wiki mbili hivi pedi zikaacha kufanya kazi.

Waliolalamika zaidi ni pamoja na wachezaji wenye ulemavu, kwa kuwa baadhi yao hutegemea vifaa maalumu vya watengenezaji wadogo: kitufe kikubwa cha kubonyeza kwa kiwiko, kijiti cha kusukuma kwa kidevu. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii anapaswa kuuliza mapema kama kifaa kinachomsaidia mwanawe kimeidhinishwa.

Nintendo nayo iliwahi kuingia katika mjadala huu mwaka 2018, baada ya watumiaji wa Switch kulalamika kwamba mashine zao zilikufa kabisa baada ya sasisho, zikiwa kwenye vituo vya kuchaji vya kampuni nyingine. Pedi ya bei ndogo ikifa, hasara ni pedi. Kifaa kinachopitisha umeme kikikosea, hasara inaweza kuwa mashine nzima.

Akaunti nayo ina thamani

Vipo vifaa vidogo vinavyochomekwa kati ya pedi na mashine ili kumsaidia mchezaji kulenga shabaha. Vinaweza kununuliwa waziwazi, lakini vinavunja masharti ya gemu nyingi za mtandaoni. Mwaka 2023 Activision ilitangaza kuvibana vifaa hivyo katika Call of Duty. Mtoto akikutwa navyo hapelekwi polisi, ila anaweza kupoteza akaunti pamoja na kila kilichonunuliwa ndani yake kwa fedha za mzazi.

Afya: Chaja kwanza, betri pili

Hatari kubwa kwa mwili wa mtoto iko kwenye chaja. Chaja hupokea umeme wa ukutani wa zaidi ya volti 200 na kutoa volti 5 hivi kwa pedi. Kinachomlinda mtoto ni nafasi na kizuizi kati ya pande hizo mbili ndani ya chaja. Mtengenezaji anayebana gharama hubana nafasi hiyo pia.

Mwaka 2016 taasisi ya usalama ya UL ilipima chaja 400 feki zenye nembo ya Apple. Zaidi ya asilimia 99 zilishindwa, na 12 kati yake zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kuua kwa shoti. Hizo zilikuwa chaja za simu, lakini ndizo hizohizo ambazo watoto huchomeka pedi zao.

Betri inafuata. Pedi zisizo na waya za PlayStation hutumia betri ya lithiamu. Betri ya aina hii ikijazwa kupita kiasi, ikibonyea au ikitobolewa, inaweza kupata joto, kuvimba na kushika moto. Betri nzuri ina mzunguko mdogo unaokata chaji ikijaa. Kwenye betri ya kubahatisha, hakuna anayejua kama mzunguko huo upo.

Hedifoni nazo zisisahaulike. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asizidishe sauti ya desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Hedifoni ambayo haielezi kiwango chake cha sauti humwachia mzazi kazi ya kukadiria. Mtoto akiwa amezivaa na haisikii sauti ya kawaida ya mtu aliye hatua moja kutoka kwake, sauti ipunguzwe.

Mzazi afanye nini

Kabla ya kulipa, soma boksi. Tafuta jina la kampuni na anwani yake. Pedi yenye jina la mtengenezaji asiye maarufu lakini inayojieleza ni afadhali kuliko yenye nembo ya PlayStation iliyofifia, maandishi yenye makosa na bei isiyoingia akilini.

Dai risiti, na iandikwe kitu ulichonunua na muda wa dhamana. Bila risiti, hata sheria nzuri ya kumlinda mlaji haina pa kuanzia. Ukishuku kuwa umeuziwa feki, FCC kwa Tanzania na mamlaka ya bidhaa ghushi kwa Kenya ndiko pa kupeleka malalamiko.

Kama fedha ni ndogo, banisha mahali ambapo hakuna hatari. Kifuniko cha silikoni, kofia za vijiti, mkoba wa kubebea: hivi vinaweza kuwa vya bei yoyote. Pedi ya waya isiyo na leseni pia inaweza kuwa chaguo zuri, kwa kuwa haina betri na huchomekwa moja kwa moja kwenye mashine. Kwa chaja, betri na kituo cha kuchaji, usibahatishe.

Nyumbani, weka utaratibu wa kuchaji mezani, mchana, mtu mzima akiwapo. Pedi isichajiwe juu ya godoro wala chini ya mto. Ikivimba, ikinuka au ikipata joto lisilo la kawaida, zima umeme ukutani na usiitumie tena, wala usiitoboe kuangalia ndani. Moto ukitokea, toa watoto nje kwanza, kisha piga simu zimamoto. Kwa Tanzania namba ni 114.

Wanasheria wataendelea kubishana kuhusu leseni kwa miaka mingi ijayo. Kwa mzazi aliye dukani, swali la kumuuliza muuzaji ni jepesi zaidi: kifaa hiki kikiharibika au kikiungua, nani atawajibika? Asipokuwa na jibu, bei hiyo nafuu ina gharama ambayo haijaandikwa kwenye boksi.