Lori jipya ni nyumba na mashine: lijue kabla halijashuka Bugarama

BUJUMBURA. Ulaya na Marekani, mtu mwenye fedha hununua gari lenye kitanda, jiko na bafu, akazunguka nalo wakati wa mapumziko. Katika ukanda huu nyumba ya magurudumu ipo pia, ila haiendi likizo. Ni kebini ya lori linalopakia bandarini Dar es Salaam na kusafiri takriban kilomita 1,500 hadi Bujumbura. Dereva hula humo, hulala humo na, foleni ikiwa ndefu, husubiri humo siku kadhaa mpakani.

Mfanyabiashara anayeachana na lori lake la zamani na kununua la kisasa hukabidhiwa vitu vingi kwa mpigo: vitanda viwili, friji, kiyoyozi kinachofanya kazi injini ikiwa imezimwa, gia zinazojibadilisha zenyewe na skrini iliyojaa alama. Siku ya makabidhiano kila kitu kinapendeza. Hasara huanza pale inapobainika kwamba hakuna aliyejifunza kukitumia, si mwenye gari wala dereva.

Lori la zamani fundi wa Buyenzi hulijua kwa sikio. Jipya huzungumza kwa taa na namba za hitilafu, tena mara nyingi kwa lugha ya kiwandani, ilhali dereva anajua Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Jambo la kwanza la kudai kwa muuzaji ni skrini iwekwe lugha anayoisoma dereva. La pili ni kukumbuka kanuni ya rangi: taa ya njano inaonya, nyekundu inaamuru kusimama. Kuendelea na safari huku taa nyekundu ya mafuta ya injini inawaka kunaweza kuua injini kabla ya kituo kinachofuata.

Umeme wa kulala si wa bure

Malori makubwa hutumia umeme wa volti 24, unaopatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12. Kifaa cha gari dogo kikichomekwa moja kwa moja huungua. Wapo wanaoepuka hilo kwa kuchukua umeme kwenye betri moja tu. Redio italia, lakini betri ile itachoka kabla ya mwenzake na zote mbili zitakufa mapema. Kinachotakiwa ni kifaa cha kushusha volti.

Friji, taa, chaja na kiyoyozi cha usiku vyote vinakula kwenye betri zilezile zinazowasha injini, isipokuwa gari lenye betri za pembeni za kebini. Dereva akikaa usiku mbili Kobero na friji ikiwa imewashwa, asubuhi ya kuruhusiwa kuvuka gari linaweza kukataa kuwaka. Malori mengi ya kisasa yana ulinzi unaokata umeme wa kebini betri zikishuka sana. Ni vizuri kuuliza kama ulinzi huo upo, na kama umewashwa.

Tangi la kifuniko cha buluu

Gari la Euro 5 au Euro 6 huwa na tangi dogo lenye kifuniko cha buluu, pembeni mwa tangi la dizeli. Humo huwekwa kimiminika cha urea na maji safi, kinachojulikana kwa jina la AdBlue, cha kupunguza sumu kwenye moshi. Matumizi yake ni kama lita 5 kwa kila lita 100 za dizeli. Kikiisha, kompyuta hupunguza nguvu za injini. Dizeli ikimiminwa humo kwa makosa, mfumo mzima huharibika.

Burundi, ambako uhaba wa mafuta umewatesa wasafirishaji kwa miaka ya karibuni na dola za kuagizia spea hupatikana kwa shida, hili ni jambo la kupigia hesabu kabla ya kulipia gari. Mnunuzi anapaswa kujua atakipata wapi njiani, na kama dizeli anayoizoea ni safi kiasi ambacho injini hiyo inahitaji. Lori la Euro 3 halihitaji kimiminika hicho. Lina anasa chache, lakini kwa njia hii huenda likafaa zaidi.

Upepo ndiyo breki

Breki za lori huendeshwa kwa upepo uliobanwa kwenye mitungi. Bomba jekundu hupeleka upepo kwenye tela, la njano hupeleka amri ya breki. Bomba jekundu likikatika, breki za tela hujifunga zenyewe. Maji yanayojikusanya kwenye mitungi yanapaswa kutolewa mara kwa mara, na waya wa breki za kisasa za tela uunganishwe kila tela inapobadilishwa. Kichwa kipya kikivuta tela kuukuu isiyo na mfumo huo, tela hubaki na breki zake za zamani.

Somo hili ndilo zito kuliko yote kwa anayekuja Bujumbura. Baada ya Kobero, lori hupita Muyinga, Ngozi na Kayanza hadi Bugarama, juu ya mita 2,000. Kutoka hapo, kwa kilomita 35 hivi, barabara ya RN1 hushuka kwa kona nyingi hadi mjini, kando ya Ziwa Tanganyika lililo kwenye mita 770 hivi. Pembeni wapo waendesha baiskeli waliobeba ndizi, na wengine hushikilia malori yanayopanda.

Dereva anayeshuka kwa kukanyaga breki muda wote huzipasha moto mpaka zinaacha kushika. Lori jipya lina breki ya injini, na baadhi yana ritada, zinazopunguza mwendo bila kugusa magurudumu kwa breki za kawaida. Hizo ziwashwe mapema, gia ikiwa ndogo, kabla mteremko haujaanza. Kwenye gia zinazojibadilisha, dereva anapaswa kujua namna ya kuizuia isipande yenyewe. Mvua ikinyesha na tela ikiwa tupu, ritada ipunguzwe, kwa sababu hushika magurudumu ya kichwa tu na tela inaweza kukisukuma kikajikunja.

Kushoto na kulia

Tanzania magari hupita kushoto, Burundi kulia. Kuanzia Kobero, dereva mwenye usukani wa kulia hujikuta amekaa upande wa bonde au mtaro, na kioo cha kushoto ndicho jicho lake la kuona anayetaka kumpita. Taa za gari hilo zimetengenezwa kumulika zaidi upande wa kushoto, kwa hiyo Burundi humulika macho ya wanaokuja. Baadhi ya taa zina swichi ya kusawazisha mwanga. Zisizo nayo huzibwa sehemu kwa utepe maalumu.

Lori lenye mifuko ya upepo badala ya springi linaweza pia kuonyesha uzito wa kila ekseli kwenye skrini. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na kila ekseli ina kikomo chake. Kusoma kipimo hicho kabla ya kuondoka bandarini ni nafuu kuliko faini ya mizani.

Siku moja kabla ya mzigo

Hakuna moja kati ya haya linalohitaji chuo. Linahitaji siku moja ya mwenye gari, dereva, utingo na fundi wakiwa pamoja, kitabu cha gari kikiwa wazi. Usiku wa kwanza friji iwashwe, asubuhi ionekane kama gari linawaka. Kisha lori lipandishwe Bugarama likiwa tupu na kurudishwa mjini taratibu, kila breki ikijaribiwa kwa zamu. Lori likishuka salama na dereva akaweza kueleza kila taa iliyowaka njiani, hapo ndipo lipelekwe Dar es Salaam kupakia.